Sukari ya Wifi

Mwaka wenyewe siwezi kuutaja kwa namba, maana namba nilizofundishwa misheni zilikuwa za kutafutia zaburi. Naujua kwa vilivyoingia tumboni. Ni mwaka ule mahindi yalipolowa yakaota yakiwa bado kwenye mabua, tukala numbu, vile viazi vyetu vyembamba, asubuhi na numbu jioni, mpaka watoto wakawa wanapumua harufu ya udongo. Na ni mwaka huohuo sukari nyeupe, ambayo wakati wa vita vya Hitler tuliisikia kwa jina tu, ilikuwa imerudi Makambako kwa magunia. Ungekuta nyumba haina unga wa kukorogea uji, lakini pana kopo la sukari, na mwenye kopo anatembea kifua mbele. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamechukuliwa kukata mkonge huko Tanga.

Wangu hakwenda mkonge. Nilijivuna kwa hilo na mpaka leo najivuna. Alikuwa seremala, akitengeneza mabodi ya malori pale Makambako njia panda, yanapoachana ya kwenda Mbeya na ya kushuka Njombe mpaka Songea. Mimi nilibaki nyumbani upande wa Kifanya, na watoto, na jembe, na baridi. Mwisho wa mwezi alikuja amekaa juu ya magunia ya watu, kavaa kabuti lake la kiaskari, na watoto wakamkimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama.

Sasa, mafundi wenzake walilala kambini, wakajipikia. Yeye alilala kwa dada yake.

Huyu dada ndiye wifi yangu, na huyu ndiye ninayetaka kumsema. Mumewe alikufa akamwachia chumba cha mabati kando ya barabara, akakigeuza hoteli. Madereva wote waliijua. Alikuwa mnene, mweupe wa meno, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na akiimba kanisani sauti yake ilipanda juu ya zetu sote kama moshi. Alikuwa na birika kubwa lililoshinda motoni kutwa, na karai la maandazi, na kopo la sukari ambalo halikuwa na kifuniko. Mimi kwangu sukari ilifungwa kwenye kitambaa, ikafungwa tena, ikawekwa mahali ambapo hata mimi nilipasahau. Yeye la kwake aliliacha wazi, mtu achote.

Na alikuwa na haki juu ya mume wangu, hilo ndilo lililokuwa mwiba. Mama yao alikufa mapema. Huyu dada ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamtafunia viazi na kumtia kinywani kama ndege. Alinikumbusha kila tulipokutana.

“Wifi,” angesema mbele ya watu, “huyu mume umemkuta ameshaota meno. Nani aliyeyaotesha?”

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mawifi hutaniana, ndiyo desturi. Lakini nilicheka kwa meno tu.

Mume wangu akanenepa. Akarudi nyumbani na kitambi kama karani wa boma. Majirani wakaniambia, “Mama, mumeo amependeza! Unamlisha nini?” Nikasema, “Namlisha ninachojaliwa.” Uongo. Aliyekuwa akimlisha alikuwa Makambako, na kitambi kile nilikiona kama nguo aliyonunuliwa na mwanamke mwingine. Nikimpakulia ugali wa ulezi na mnafu, alikula, siwezi kusema hakula. Lakini alikula kimya. Akimaliza anasema, “Kwa dada kuna chai.” Hayo tu. Jaribu wewe kulala na maneno hayo.

Kisha akaanza kukonda. Kitambi kikaisha kama kibuyu kilichotobolewa. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyelambishwa chumvi. Mtungi niliojaza asubuhi, mchana nasikia kata inagonga chini. Alikuwa akienda nyuma ya jiko kila saa, na mahali alipojisaidia nilikuta sisimizi wamepanga mstari, wanakwenda na kurudi kama watu wa gulio. Sikuelewa. Nani angeelewa? Jirani yangu, mwanamke aliyezika waume wawili na hivyo kujiona bingwa, alinishika mkono akaninong'oneza.

“Mwanaume anakula na anakonda? Ana mwanamke. Anamkausha huko.”

Moyo wangu uliwaka. Nikawaacha watoto kwa mama mkwe mdogo, nikapanda lori la mbao, nikaenda Makambako bila kuaga wala kuitwa. Nilitaka nimkute huyo mwanamke na nywele zake zote kichwani, nimwachie nusu.

Nilijibanza nyuma ya hoteli ya wifi, kwenye kuni. Mchana mume wangu akaja kutoka kazini, kajaa vumbi la mbao. Hakuja na mwanamke. Alikaa, na dada yake akamletea kikombe kile kikubwa cha bati. Akachota sukari, akachota tena, akachota tena, kijiko kikawa kinatembea kwa shida. Akamkorogea mwenyewe, kama mtoto! Akamwekea maandazi, akamkatia na mkate wa boflo, akaupaka kitu chekundu cha kopo la Mhindi. Alipomaliza kikombe akajaziwa kingine, maana alikuwa na kiu, na kadiri alivyokunywa kiu ikazidi. Na alicheka. Dada alimwambia jambo, akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi kicheko kile sikuwahi kukisikia chini ya paa langu.

Afadhali ningekuta kimada. Kimada unamkamata nywele. Dada wa mumeo utamkamata wapi?

Nikatoka kwenye kuni. “Kamwene, wifi.”

“Kamwene! We wifi, umeanguka kutoka wapi?”

“Nimekuja kumwona mume wangu.”

“Mumeo anakula. Keti na wewe, uondoe numbu mdomoni.”

Madereva wakacheka. Nikaketi. Nikanywa chai yake, vikombe viwili. Ilikuwa tamu, Mungu ananiona, na utamu ule ndio ulioniudhi kuliko yote.

Tukarudi nyumbani na mume wangu, maana alikuwa hajiwezi vizuri kazini, macho yanamwingia ukungu. Ilikuwa kipupwe. Mnaokujua Njombe mnajua baridi yetu: umande unakuwa mweupe kwenye majani, na mtu hukaa na miguu karibu na moto mpaka kuni zinamlalamikia. Jioni moja kabla ya chakula tulikuwa tumezunguka mafiga. Nikasikia harufu ya nyama. Nikamwuliza binti yangu, “Nani katia nyama motoni?” Hatukuwa na nyama. Nikaangalia chini. Kidole gumba cha mguu wa mume wangu kilikuwa kimegusana na kaa la moto, kinachemka, na yeye anaendelea kusimulia habari za lori lililokwama.

“Baba! Mguu!” nikapiga kelele.

“Mguu una nini?”

Hakusikia chochote. Kidole chake kinaungua na yeye hana habari. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikasahau habari za wanawake.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa baiskeli, yeye kwenye kiti cha nyuma, mdogo wangu anasukuma, mimi nashika mguu usiguse mawe. Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiyecheka ovyo, na dresa wake, kijana wa kwetu, alitafsiri kwa Kibena ili nisije nikasingizia Kiswahili. Wakamtaka mume wangu mkojo. Wakautia matone kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, wakakichemsha juu ya taa ndogo. Ile buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikaishia rangi ya tofali lililochomwa. Daktari akatikisa kichwa.

“Damu yake imejaa sukari,” dresa akasema. “Mwili umeshindwa kuitumia, sasa inamwagika kwenye mkojo. Ndiyo maana ana kiu. Ndiyo maana miguu imekufa ganzi.”

Nikakumbuka wale sisimizi. Wao walikuwa wamejua kabla ya daktari.

“Nani aliyemtia?” nikauliza.

Daktari alipotafsiriwa hilo, alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. “Hakuna aliyemtia, mama. Mbegu yake huwa katika ukoo. Watu wengine wanayo na haioti mpaka wanakufa wazee. Lakini ukiimwagilia sukari, ukanenepa, na kazi yako ni ya kusimama mahali pamoja, inaota.”

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia mawili: ukoo, na sukari. Nikaiona sura ya wifi na kijiko chake.

Wakaniambia masharti. Sukari basi, asali basi, miwa basi, pombe asiguse. Ugali usizidi ngumi yake, na ngumi yenyewe iwe ya kwake, si ya mwanawe wala ya bondia. Mboga za majani ale mpaka achoke. Maharage, njegere, na samaki akipatikana. Atembee kila siku mpaka atoke jasho. Miguu aioshe, aikaushe katikati ya vidole, aiangalie kila asubuhi, asitembee peku, na moto aukae mbali.

“Na dawa?”

“Kuna sindano huko mjini, hapa haitoshi,” dresa akasema. “Lakini wake ni wa namna ya kushikika na chakula, ukiushika vizuri. Kupona hauponi. Huu unafugwa. Ukiulegezea kamba, unaingia shambani.”

“Na kidole?”

“Kidole kitapona akifuata. Asipofuata, tutakata. Na tukianza kukata, mama, huwa hatuishii kwenye kidole.”

Seremala bila mguu. Nilirudi na maneno hayo kichwani njia nzima.

Nikampikia. Mnafu, majani ya maboga, maharage yaliyochemka yakalainika, ugali wa ngumi moja. Kidonda kikaanza kufunga. Lakini kabla sijashiba furaha, wifi akaja. Alimlilia ndugu yake kwanza, akalia vizuri, watu wa mbali wakajua kuna msiba. Kisha akafuta macho akasema ana habari: mwenye malori anamtaka fundi wake, kazi nyepesi, ya kukaa, na yeye wifi atapika kama daktari alivyosema.

“Mimi nimelea huyu mtu,” akasema. “Sukari naiondoa. Naapa mbele ya Mungu.”

“Na pombe?” nikauliza.

“Pombe! Nyumbani kwangu pombe haijaingia tangu nibatizwe. Wewe wifi unanijua au hunijui?”

Mume wangu alitazama chini. Alitaka kwenda, nilimwona hata masikio yake yakitaka. Nikamwacha aende, maana kazi ni kazi.

Mvua zikaja. Hapa lazima niseme habari ya mwanzi, kwa ajili ya wajukuu waliozaliwa mjini. Kwetu mvua zikianza tunakata kichwa cha mwanzi mchanga, tunafunga pale mbeta, kile kibuyu chetu cha mwanzi mkavu, na asubuhi tunaikuta imejaa maji ya mwanzi. Huo ndio ulanzi. Ukiulaza ukachacha, unakuwa mkali, tunauita mkangafu, na unawalaza wanaume mitaroni. Kanisani kwetu mkangafu ulikuwa dhambi. Ukionekana unaunywa, unatengwa na meza ya Bwana. Lakini ukiunywa ungali mpya, mtamu, huo ni mtogwa, na mtogwa haukuwa na kesi na mtu. Waliunywa watoto. Waliunywa wazazi waliojifungua. Waliunywa wazee wa kanisa wakitoka ibadani, wakafuta midomo na kuendelea na habari za Musa.

Mwisho wa mwezi mume wangu hakuja. Mwezi uliofuata akaja, anachechemea, amekonda tena, anasema ni uchovu. Nikamvua kiatu mwenyewe. Kidonda kilikuwa kimefunguka, kinanitazama kama jicho.

“Umekula sukari.”

“Haki ya Mungu sijaigusa, mama watoto. Dada hata kopo amelificha.”

“Umekunywa pombe.”

“Kwa dada? Thubutu!”

Hakuwa mwongo, mume wangu. Ndiyo maana nikapanda lori naye kurudi Makambako, na safari hii sikujibanza kwenye kuni. Niliingia kwa mlango wa jikoni nikasimama nikatazama kila kitu, kama mtu anayetafuta kuku wake kwa jirani. Na nilikuwa natafuta, siwezi kudanganya. Nilitaka kumkuta na kosa. Mboga zilikuwepo. Maharage yalikuwepo, na alikuwa ameyaunga vizuri kuliko mimi, nikaumia. Kopo la sukari kweli halikuwepo. Nikakaribia kukata tamaa. Kisha nikaona nyuki.

Walikuwa wanazunguka pembeni, kwenye mbeta nne zilizosimamishwa ukutani, povu linafurika.

“Hizi za nani?”

“Za mgonjwa,” wifi akasema, kwa fahari kabisa. “Chai isiyo na sukari haimpandi, maskini. Namletea mtogwa kila asubuhi, mpya, kabla haujageuka. Anakunywa na mchana.”

“Wifi. Daktari amekataza.”

“Daktari amekataza pombe. Huu ni mtogwa. Mchungaji mwenyewe anaunywa!”

“Na nyuki hawa wamefuata nini?”

“Nyuki wanapenda kila kitu cha Mungu.”

Nikachovya kidole nikaramba. Ulikuwa mtamu mpaka taya zikaniuma.

“Wifi,” nikasema, “hii ni sukari iliyobatizwa.”

Madereva wawili waliokuwa wanakula walicheka, mmoja chai ikamtoka puani. Wifi hakucheka. Alikaa juu ya gogo la kukatia kuni, akatazama zile mbeta moja baada ya nyingine. Alikuwa amempa kwa mapenzi, hilo nalijua. Kila asubuhi alikuwa ametembea kwenye tope kumfuatia mtu wake kitu kitamu kisichokuwa na dhambi. Hata kwangu ilikuwepo moja imening'inizwa ya watoto, na niliporudi niliimwaga kabla sijatua mzigo. Hakuna aliyetuambia. Daktari Mzungu hakuujua mtogwa, na sisi hatukujua kwamba ni wa kuuliziwa. Lakini aliyezimwaga mbeta zile nne ni mimi, na niliyewafuata nyuki ni mimi, na ningekuwa simwonei wifi wivu nisingetia mguu jikoni kwake. Watu husema wivu unaua. Wangu uliokoa mguu.

Nikamchukua mume wangu siku ileile.

Nikaufuga ugonjwa ule kama dresa alivyosema. Nyumba nzima ilikula kama mgonjwa. Sikupika vyungu viwili. Watoto walilia kwa wiki kadhaa, wakauliza kwa nini na wao wanaadhibiwa, nikawaambia damu ya baba yao ndiyo damu yao na mbegu haibishi hodi. Uji tuliunywa bila sukari, na maziwa ya mgando kidogo. Mnafu ulikuwa mchungu, na mume wangu aliutafuna huku akitazama mlango.

“Dada angetia hata kitunguu,” akasema siku moja.

Kesho yake nilitia vitunguu vitatu. Alirudia mboga, na mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikacheka peke yangu.

Kidonda kilipofunga, ikabaki kutembea. Hili lilikuwa gumu kuliko mnafu, maana kwetu mtu mzima hatembei tu. Anakwenda mahali. Siku ya kwanza mume wangu alipopanda kilima na kushuka mikono mitupu, na viatu vyake vya tairi, jirani yule mjane alimpigia kelele, “Baba, umepotelewa na ng'ombe gani?” Siku ya pili wakasema amerukwa na akili. Siku ya tatu akakataa kutoka. Basi nikampa debe tupu abebe begani. Mtu mwenye debe haulizwi. Akawa anapanda mpaka kwenye miti ya miwati ya kampuni ya Wazungu, anazunguka, anashuka, debe lake tupu begani, anasalimiwa kwa heshima njia nzima. Nilimsubiri mlangoni, nikamgusa mgongo. Pasipo na jasho nilimrudisha.

Miguu yake niliiangalia mimi kila asubuhi, kidole kwa kidole, hata alipokuwa anaweza kuiangalia mwenyewe. Sikumwachia. Alicheka akaniambia, “Mama watoto, hii miguu umeinunua?” Kilikuwa kicheko kizuri, lakini hakikuwa kile cha kushika mbavu. Nilikipima.

Tulipomrudisha misheni, ile buluu ilichemka, ikachemka, ikabaki kijani kidogo tu. Dresa akanipa mkono. Hakumpa mume wangu, alinipa mimi.

Kipupwe kingine kikaingia, na lori likaja likasimama chini ya nyumba yetu na kupiga honi. Aliyeshuka alikuwa wifi, na nguo yake ya kanisani, amebeba kikapu cha maandazi ya watoto. Alikuwa amepungua. Mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyelala vibaya kwa miezi. Hakutania kwanza, akaenda moja kwa moja kwa mume wangu, akamshika mashavu kama mtoto.

“Umepona, mdogo wangu.”

“Namshukuru Mungu, dada.”

“Basi twende. Mwenye malori amenituma. Bodi tatu zinakungoja, amesema atakupa na msaidizi.” Akanigeukia. “Wifi, nimejifunza. Mtogwa hauingii tena kwangu. Nitampikia kama wewe, ngumi moja, mboga, kila kitu.”

Nikamtazama mume wangu. Sanduku lake la randa na misumeno lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kamba. Alikuwa amelifunga lini? Alikuwa anajua kwamba lori linakuja, wamepelekeana habari, na mimi niliyemwosha miguu ndiye wa mwisho kusikia. Nikaiona ile meza, kile kikombe, madereva wakimwambia ‘onja kidogo fundi, kidogo hakiui’, na dada yake anayempenda mno kiasi cha kutoweza kumnyima. Maana huo ndio uliokuwa udhaifu wake: hakujua kumnyima. Na mimi katika mapenzi yote niliyonayo, kunyima nakujua.

“Haendi,” nikasema. “Anayempenda aje ale naye hapa.”

“Wifi, kazi itapotea.”

“Miti ipo hata Kifanya. Watu wa huku nao wanataka milango na vitanda.”

“Mimi ndiye niliyembeba mgongoni!” Sauti yake ilipanda, ile ya kanisani. “Nilimtafunia viazi huyu! Wewe unaninyima mtoto niliyemlea?”

Watoto walinikazia macho, maandazi mikononi. Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba nikimlegezea siku moja, nitakuja kuletewa mwanaume aliyekatwa mguu kwenye goti, na watu watasema dada yake alimlilia sana.

Mume wangu akakohoa. “Mama watoto,” akasema polepole, “ni kazi tu. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi. Mguu umepona, wewe mwenyewe umeuona.” Akaliinua sanduku.

Dereva akapiga honi tena, akatoa kichwa dirishani. “Mama, jua linakwenda! Fundi anapanda au hapandi?”

Nikalishika lile sanduku kwa upande wa pili. Sikumjibu mume wangu, nilimjibu dereva, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, ili na wifi yangu asikie vizuri na asije akasema hakualikwa.

“Haendi. Anayempenda aje ale naye hapa.”